Betri ya Drili ya Shemeji

Tangazo rasmi: Mheshimiwa Mtundu, msomi wa bweni, leo amesimamia ujenzi wa rafu kwa dada yake.

Rafu haipo. Kilichopo ni kidole cha shemeji, kimevunjika.

Shemeji alitoa betri ya drili abadilishe biti, ile ncha ya kutobolea. Alitoa kweli, mwanangu. Alitoa! Alipogeuka kuchagua biti nyingine, Mtundu akairudisha kimyakimya, eti amshtue kidogo tu.

Shemeji akashika kichwa cha drili, mkono mwingine ukagusa swichi. Drili ikazunguka na glavu yake, kidole kikiwa ndani.

“Betri nilitoa! Naapa nilitoa!”

Dada akafoka, “Basi imezungushwa na mapepo?”

Mtundu akaanza kunyata kuelekea mlangoni.

Shemeji akamgeukia. “Shem, mbona unanyata wewe?”

Nikasema. Ni mimi niliyeirudisha betri, mimi Mtundu. Dada hanitazami mpaka sasa.