Pumzi ya Chini Katika Karakana ya Mawe

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Kiwanda cha uchapaji kinakulisha vizuri, na yale magoti yanasemaje? Huku sote wazima, mama watoto anakusalimu, na kifua changu kimenipa likizo.

Yule fundi Mchina anayekuja kukarabati mashine yetu ya kukatia mawe alinikuta nimejiinamia, nakohoa. Akanikalisha. Ulimi uguse juu ya kinywa, mikono chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian. Huvuti kwa kifua; unaishusha pumzi tumboni taratibu, tumbo linajaa, kisha unaiachia. Kwao ni elimu ya vizazi. Dada, sasa nalala. Presha imeshuka. Bosi alipoona sikohoi, akanunua mikeka na kuniambia niwaongoze wenzangu kila saa ya chai, mashine zikizimwa. Wananiita Mwalimu Kitambi.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananilaani lakini yanatembea. Hongera kwa usingizi. Usidhani nitakucheka; nimesoma habari za mazoezi hayo, na watu wenye akili zao waliyafanya zamani sana kabla bosi wako hajajua kwamba ana tumbo. Ila nina maswali, na unanijua, jibu la nusunusu silipokei. Mnakaa wapi mkifanya hayo mazoezi? Ile feni ya kufyonza vumbi aliyowaahidi bosi iko wapi? Na picha ya kifua uliyoambiwa na daktari, umepiga?

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Joto tu, mengine salama. Natumaini nawe hujambo.

Tunakaa mulemule ndani, katikati ya mashine. Bosi anasema tukikaa nje wateja watadhani tumegoma. Feni anasema ya nini, mtu anayejua kupumua vumbi halimtishi. Hata barakoa tunazivua, maana huwezi kushusha pumzi na pua imefunikwa. Picha bado. Kikohozi kimerudi kidogo, lakini huo ni uchafu unatoka. Mama mmoja wa kung'arisha mawe, yule anayekaa mbele kabisa na kunisikiliza kama yuko ibadani, naye ameanza kukohoa. Nimemwambia avute zaidi, ajisafishe.

Tafadhali usianze vita vyako.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu zitangoja, vita nimeanza.

Mashine huzimwa, vumbi la jiwe halizimwi. Ni laini kuliko unga, linaning'inia hewani muda mrefu bila kuonekana, na ninyi mnavua barakoa mkalivute hadi sakafu ya mapafu. Mwenye kupumua juu juu anakula kijiko. Wewe unawagawia watu sahani. Waliobuni mazoezi haya walitafuta hewa safi kwanza, ndipo wakafundisha. Bosi wako amepata kitu cha bei rahisi kuliko feni, nacho ni wewe. Elimu ya watu ameifanya kizibo cha kuwanyamazishia wanaokohoa, na kizibo chenyewe ni wa tumbo moja na mimi.

Watoe nje kesho. Akifoka, mwambie dada yako ana kalamu na hana adabu. Kisha nenda ukapige picha.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Niliandika tena mwezi uliopita, kimya. Ukali wangu naufuta. Maneno yenyewe siyafuti. Niandikie hata mstari mmoja, nijue unapumua.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Nipo. Kwanza nilikuwa nimekukasirikia, halafu nikawa naumwa.

Picha nimepiga. Mapafu yana makovu ya vumbi la mawe, na daktari anasema hayafutiki. Sasa sikia: muuguzi wa kifua amenikalisha kitandani ili anifundishe kupumua kwa tumbo. Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akadhani namdharau.

Niliwaambia wenzangu kwamba vumbi tunalishusha wenyewe, tutoke nje. Wachache wakasimama. Bosi akasema atakayetoka asirudi, wakakaa. Nikatoka peke yangu. Nasikia sasa anawaongoza mwenyewe, kwa kipaza sauti. Yeye yuko ofisini, dirisha limefungwa.

Jumapili yule mama wa kung'arisha alikuja nyumbani. Nilijiandaa kutukanwa. Alikaa uani, akakohoa, akanywa maji, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nafanya kama ulivyosema. Hata zaidi. Nyumbani nilikuwa nayasifia mazoezi yako."

"Wamekuchunguza?"

"Naogopa. Wakiniambia, nitafanyaje? Wanangu watakula picha?"

Kulikuwa kumenyesha asubuhi, hewa imetulia, hata magari hayapiti. Nikamwambia, "Basi hapa ni salama, mama. Tufanye pamoja, polepole. Kifua kitapata nafuu kidogo."

Hakubisha. Aliweka mikono chini ya kitovu, akafumba macho. Mimi nikashusha yangu, kisha nikalitazama tumbo lake. Halikusogea. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, za juu juu, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Shusha tu, mama. Hapa hakuna vumbi."

Akafumbua macho, akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa. Kisha akayafumba tena, na akaendelea vilevile.

Mdogo wako