Hatua Elfu Nane kwa Siku

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na wanafunzi wako wameacha kukupandisha presha. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Chumvi ameificha hata yeye mwenyewe haioni.

Hii ni wiki ya tisa tangu moyo uniangushe pale kona ya duka la dawa. Kila Jumanne na Alhamisi nakwenda hospitali, kwenye ukumbi wa mazoezi ya wagonjwa wa moyo. Tuko saba. Dereva mmoja mstaafu huendesha baiskeli isiyokwenda popote huku akilalamikia foleni. Tunabandikwa vibandiko kifuani, tunatembea juu ya mkanda wa mashine, muuguzi anatazama mapigo kwenye skrini. Anayetufundisha ni binti mdogo tu, lakini akisema simama, wazee wazima tunasimama.

Kile kifaa cha kuhesabu hatua ulichonitumia nakifunga mguuni kila siku. Elfu nane, elfu tisa. Binti alinisifu mbele ya wenzangu, nikavimba kichwa. Nawe uliposikia ukaahirisha safari ya kuja kunitazama, ukasema mimi si mgonjwa tena, nimekushinda hata wewe kutembea.

Alhamisi iliyopita, kwa kuziamini namba zangu, binti akaongeza kasi ya mashine. Dakika mbili hazijaisha nikawa nimeng'ang'ania vyuma, natweta, magoti yanagongana. Wakanilaza, wakanipima. Wakasema moyo hauna neno, miguu ndiyo mibovu. Binti akaniuliza taratibu hizo hatua elfu nane huwa nazitembea wapi.

Dada, njia ya mwongo ni fupi. Nazitembea nimekaa. Nafunga kifaa kifundoni, nakanyaga pedali ya cherehani tangu asubuhi hadi jioni, nguo za watu zinashonwa, nacho kifaa kinahesabu. Peke yangu sijatoka nje ya geti tangu nianguke. Si uvivu, unanijua. Naogopa. Nikipiga hatua ishirini, moyo ukaanza kwenda mbio, nadhani ndiyo siku yangu. Narudi ndani na kumwambia wifi yako nimesahau mkasi.

Binti hakunigombeza. Alisema moyo wa mtu anayetembea lazima uende mbio kidogo, ndiyo kazi yake. Kifua kikiuma ndipo nisimame na kuita mtu. Nianze upya kwa hatua mia tano, nikiwa na mwenzangu. Akauliza ni nani. Wifi yako yuko tayari, lakini ndiye aliyenikuta nimelala pale chini, na tukiikaribia kona ile anatetemeka kuliko mimi.

Nikakutaja wewe. Mama alikuwa akituambia kwamba yeye akiwa kazini, wewe ndiye uliyenishika mikono nikajifunza kutembea. Njoo, dada. Hadi pale kona ni mita mia mbili tu.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi