Nyasi za Nyumba ya Msonge

Mdogo wangu Ishengoma, mmeamkaje huko Ijumbi? Huku ziwani Kemondo mimi mzima, ila dagaa asubuhi, dagaa jioni. Jana wageni wote, mimi na Wazungu watalii, tulipelekwa kuona nyumba ya msonge ya zamani. Waitu jamani, nyasi za sakafuni zimeoza! Nikazizoa, nikatupa nje, nikaanza kukata mpya. Mwenye funguo akapiga kelele, "Bibi, hiyo ni historia!" Nikamwambia, "Historia yako ina viroboto." Wazungu wakanipiga picha nimeinama.

Sasa sikia. Ile nyumba ya msonge ya mama ninamolala huko, unayotaka kuibomoa ujenge ya bati, usiiguse. Huku watu wanavuka bahari kuja kuona mbovu kuliko hiyo. Nikirudi nisipoikuta, nahamia kwako na mbuzi wangu wote.

Anayeniandikia anasema kadi ya posta imejaa. Msalimie mkeo, nampenda sana.

Dada yako