Sumaku za Mume Wangu, Lawama za Wifi

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa kuwa sina pengine pa kusemea. Mume wangu ni mtafiti, yeye na wenzake wanatengeneza sumaku za aina mpya, ndogo kama punje za mchele lakini zina nguvu ya kutisha, za kuwekwa kwenye vifaa vya kuwasaidia viziwi kusikia, nami nilijivunia kazi hiyo hadi mwanetu wa miaka miwili aliposhikwa na tumbo, akatapika mpaka akalegea, tukadhani amekula kitu kibovu, kumbe alimeza sumaku mbili, zikavutana humo ndani zikabana utumbo hadi ukatoboka. Walimpasua, lakini tulikuwa tumechelewa. Tumemzika.

Aliyekuwa akimwangalia ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, tuliyeishi naye. Kwenye kikao cha familia mama mkwe akamuuliza, “Ulikuwa wapi mtoto akiokota vyuma?” Akalia tu, “Sikuviona mama, haki ya Mungu sikuviona.” Akafungashiwa virago, na kwa mama yake hatakiwi. Mume wangu alinyamaza. Mimi nami nilinyamaza, ingawa nilipochukua jaketi lake la kazini nikafue, nilikuta sumaku nyingine zimeng'ang'ania zipu ya mfuko. Nilipomwonyesha akasema, “Haziruhusiwi kutoka maabara. Ukifungua mdomo kazi imekwisha, na mtoto harudi.” Wifi amejificha kwa rafiki yake, nasikia hali chakula, simu hapokei. Nampenda mume wangu. Nifanye nini?

Mama Mwenye Msiba

JIBU: Pole mama. Uchungu wa kuzika mtoto hauna dawa, na sitakudanganya kwamba ninayo. Ila kwa huo ukimya, hapana, siko nawe. Mumeo hakukusudia mwanawe afe, na angesema siku ile watu wangelia naye. Kumtupia mdogo wake msiba mzima, hilo alilifanya macho makavu, na wewe ukamshikia mlango. Mpende, lakini usimfichie.

Anasema mtoto harudi. Kweli. Wifi yako bado yupo, na mtu asiyekula wala kupokea simu unaweza kumkosa wakati wowote. Nenda leo hii. Mwambie kwa kinywa chako, “Hukukosa wewe.” Usidai akusamehe. Mpeleke hospitali, ukae naye. Kisha mpe mumeo nafasi moja ya kumweleza mama yake. Akisita, eleza wewe. Kazini nako aseme, hata wakimfukuza: wenzake nao wana watoto nyumbani.