Vichupa vya Jani Gonjwa

Mikocheni, Dar es Salaam
Alhamisi, 13 Novemba 1997

Dada yangu mpendwa Nusaiba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mie mwili mzima, ila usingizi sipati.

Uliniuliza karani anafanya nini kwenye maabara ya mimea. Naandika rejista. Mkuu wetu, Dokta Atuganile, anachunguza kutu ya maharage. Anasema kutu ikivamia jani, seli za pale hujiua zenyewe ili ugonjwa usipate pa kuishi. Anaamini amri ya kufa hutoka kwenye mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu: vikivujisha protini fulani, seli haina budi kufa.

Mwezi uliopita vichupa tulivyotia mitokondria za jani gonjwa vilionyesha protini imevuja tele. Vya jani zima, hamna kitu. Dokta alifurahi hadi akatununulia soda. Jaribio likarudiwa mara mbili, hakuna kilichovuja. Akamgeukia fundi wetu, Polikarpo, akamuuliza kama mikono ile aliiazima kwa wachimba mitaro. Na kwa kuwa serikali inapunguza wafanyakazi, kesho jina lake linapelekwa kwenye orodha ya wa kuachishwa. Ana watoto wanne. Hata hivyo jana alinitania kwamba yeye akiondoka, Karani Miwani, ndivyo anavyoniita, atabaki kuyasomea maharage rejista.

Dada, kosa ni langu. Siku ile ya kwanza Polikarpo alikwenda kula, akaniachia vichupa nivilinde kwenye barafu tuliyonunua kwa wauza samaki. Iliyeyuka, ikabaki ya kutosha nusu ya vichupa tu. Vya jani gonjwa nikavitia kwenye friza, nikidhani baridi zaidi ndiyo salama zaidi. Viliganda. Baadaye nikasoma katika kitabu cha Dokta kwamba mitokondria zikiganda hupasuka, na protini humwagika yenyewe. Kwenye rejista nilikwishaandika "barafu", nikanyamaza.

Leo jioni nimelikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika "friza", tarehe, na jina langu kamili. Rejista nimeiacha wazi juu ya meza ya Dokta. Mlango nimeuvuta ukajifunga, na ufunguo anao yeye. Hata nikitaka kurudi nyuma, siwezi tena.

Mama usimweleze kwanza. Mwambie tu huenda nikaja kumsalimu mapema kuliko nilivyoahidi. Shemeji na watoto wape salamu zangu nyingi, nawe uniombee.

Mdogo wako,
Jabiri