Macho ya Yirleza Ukutani

Jumamosi, 3 Agosti

Leo jioni wanaonyesha sinema aliyoigiza Yirleza kwenye ukuta wa shule. Mjukuu wangu mwenyewe! Nimemlea kwa samaki wa mto huu tangu mama yake alipohamia Cali, na leo atakuwa mkubwa kuliko kanisa. Nimepiga pasi gauni la zambarau. Custodia anasema hilo ni gauni la msibani. Nimemwambia la msibani ni lile jeusi, na yeye atafute viatu kwanza kabla ya kukagua wenzake. Miaka yote hii tunaimba pamoja kwenye kila msiba wa mto huu wa Atrato, mimi naanza, yeye anapokea, na bado gauni zangu hazijui.

Jumapili, 4 Agosti

Haya. Nimeona.

Mwanzoni nilifurahi, sikatai. Yirleza kavaa kijani kama kasuku, ana panga, anawatafuta wanaume waliomchomea nyumba. Anawapata. Anawakata! Kichwa kinaruka, kinajigeuza hewani taratibu, huku tarumbeta zinalia kama harusini. Damu inafoka kama bomba limepasuka, mpaka darini. Nimechinja nguruwe maisha yangu yote, sijaona nguruwe mwenye damu hiyo. Vijana wanahesabu kwa sauti: wa kumi! wa kumi na moja! Mimi nikapiga ukelele: nyuma yako, mwenye masharubu, mkate huyo! Custodia akanifinya. Somo, huo ni ukuta, hausikii.

Basi. Mwishoni wakamuua.

Mvua inanyesha, yeye kapiga magoti, mzee mmoja wa suti nyeupe anamchoma kisu. Rangi zote zikatoka ukutani, damu tu ikabaki nyekundu. Ikafunguka chini yake kama kitambaa cha meza. Taratibu. Watu wakapiga makofi! Mwalimu Wilmar akasema, tazameni uzuri huo. Na kweli ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Halafu majina, muziki wa kuchezea, taa zikawashwa, watu wakanyanyua viti vyao. Na macho ya mtoto wameyaacha wazi! Hakuna aliyemfumba. Hakuna aliyemwosha wala kumfunika hata kwa gunia. Wanaume wote wale waliokaa kutengeneza damu, hakuna hata mmoja mwenye bibi?

Jumanne, 6 Agosti

Situlii. Nafagia uani, naacha katikati. Nimeunguza ndizi mara mbili. Nimekwenda shuleni mchana kuutazama ule ukuta. Mweupe. Una mjusi.

Nimemwambia Custodia yule mtoto aimbiwe. Awekewe matanga ya siku tisa kama mtu. Akajipiga ishara ya msalaba mpaka fundo la kilemba likafunguka.

— Wazimu umekuingia, somo? Alabao ni wimbo wa maiti! Ukimwimbia mtu aliye hai unamwitia kifo. Si wewe uliyenifundisha?

— Najua nilichokufundisha.

— Basi nyamaza. Yuko Bogotá, anakula, ananenepa.

— Na aliyelala pale kwenye mvua ni nani?

Akafunga kilemba upya, akaenda kwake.

Padri alipita na boti yake. Nikamweleza. Akacheka: mama, ile ni rangi na sharubati. Nikamuuliza, na divai yako ya Jumapili, nayo ni sharubati? Akakumbuka ana safari.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepanda mpaka kwenye mteremko wa kanisa, ndiko simu inakoshika. Yirleza kacheka. Bibi, mimi mzima, nina wali mdomoni. Anakuja Jumatatu. Ana jambo la kuniomba. Nikamwambia aje ale kwanza, mambo baadaye.

Nikiwa naosha masufuria nikajisikia naguna wimbo. Ule wa kumtoa maiti mlangoni! Nikauma ulimi. Nikasukutua kwa pombe ya miwa, nikatema. Nusu nilimeza.

Jumatatu, 12 Agosti

Kafika. Kakonda, Custodia muongo. Kucha ndefu kama za popo. Watoto wa kijiji kizima wamemfuata kutoka gatini, wanajitupa miguuni pake wafe — na kila mmoja anakufa taratibu, mkono juu, ulimi nje. Nimewafukuza kwa ufagio. Wengine wakafa tena kwa ufagio.

Kala samaki wawili. Ndipo akasema.

Kuna sinema ya pili. Macho waliyaacha wazi makusudi, bibi, ili hadithi isiishe. Sasa Yirleza atalazwa kwenye jeneza, mimi na Custodia tuimbe, alabao ya kweli, kisha aamke akamkate yule mzee wa suti.

— Nikuimbie mimi? Kwenye jeneza?

— Ni mchezo, bibi.

— Kifo hakiendi sinema, hakijui mchezo.

— Nimeshawaahidi.

— Waahidi na lingine.

Akachokonoa miiba ya samaki. Halafu kwa sauti ndogo: ukikataa watakodi waimbaji wa mjini. Watu nisiowajua. Nitalala mbele yao na wataniimbia hivyo hivyo.

Nikamwambia aoshe sahani.

Jumanne, 13 Agosti

Ataimbiwa. Nikitaka nisitake, ataimbiwa. Na watu wa kukodi, wasiojua hata alivyokuwa akilia akiwa mdogo. Au na mimi, nimwitie kifo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimezunguka jiko hili tangu alfajiri kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Kaja akalala juu ya benchi. Kanyoosha miguu, mikono kifuani.

— Ubeti mmoja tu, bibi. Ujaribu. Ukiona baya, acha.

— Inuka, benchi lina mafuta.

Hainuki. Macho kayakodoa kama pale ukutani. Kaacha kupumua — anajifanya, najua anajifanya. Nzi katua shavuni, katembea mpaka kwenye pua. Hata kope haijacheza. Fundi kweli, mshenzi huyu!

Nimechukua daftari ili mkono uwe na kazi. Nimesema tena, inuka, kahawa inapoa.

Custodia kaingia na bakuli la jibini. Kaona. Kaweka bakuli sakafuni, kasimama miguuni pa mtoto, pale anaposimama siku zote msibani. Ananitazama. Yeye hupokea tu, hawezi kuanza.

Yirleza, pumua.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko juu ya macho yake. Yana joto, kope zinanichoma kiganjani, hazitaki kufumba. Custodia keshavuta pumzi, ananingoja nianze —