Kalamu ya Leza na Jicho la Baba Mkwe

KITUO CHA POLISI BABATI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jenifa Remigius (Mama Hope)
Umri: Miaka 34
Dini: Mkristo
Kazi: Msaidizi katika kliniki ya meno
Makazi: Singe, Babati Mjini. Kwa sasa yupo kwa dada yake, Maisaka
Tarehe: 21/03/2019. Muda wa kuanza: saa 3:40 asubuhi
Mwandishi: Koplo Rashidi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikukamatwa wala sikuitwa. Nimeonywa kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Uongo ndio ulionileta hapa, na sehemu yake ni yangu.

Nina miaka sita katika kliniki ya Tabibu Aikande, ambaye leo yuko mahabusu siku ya tatu. Mashine ya leza tuliipata mwaka jana mwezi wa nane. Si ya kukatia. Ni kimashine chenye waya na kalamu, na ukiigusisha kalamu shavuni mwanga wake unapenya ndani kusaidia kidonda. Mtu aliyeng'olewa jino la mwisho, lile gego la nyuma kabisa, huvimba shavu na taya hukaza hata kijiko hakipiti. Akipewa huo mwanga siku hiyo na tena siku ya tatu, wengi wanapata nafuu mapema. Si muujiza, na vidonge hawaachi. Kazi yangu ni kumvalisha mgonjwa miwani ya kinga, kisha kushika kalamu na kuigusisha sehemu tano za shavu, dakika moja kila sehemu. Nilifundishwa Arusha wiki mbili. Cheti ninacho.

Mnamo tarehe 12/03/2019, siku ya Jumanne, saa 4:15 asubuhi, aliletwa Mzee Teodori Bura, mkazi wa Singe, miaka 61. Ni baba wa mume wangu Nestory. Jino la mwisho la chini upande wa kulia lilikuwa limeoza na kulala ubavu ndani ya fizi. Tabibu Aikande alimpiga ganzi, akaling'oa, akashona nyuzi tatu, kisha akampa leza mwenyewe. Mimi nilijipa kazi ya kuosha vyombo nyuma mpaka walipomaliza. Tabibu aliniuliza, "Jenifa, leo una nini?" Nikamwambia yule ni mkwe wangu. Akasema, "Kazini hakuna ukwe."

Afande ameniuliza ukwe unahusianaje na jino, na amecheka kidogo. Acheke tu, ila aandike. Katika nyumba ya mume wangu mkamwana hamgusi baba mkwe, na usoni ndiyo kabisa. Chai naiweka juu ya stuli, naondoka, ndipo anachukua. Tukikutana njiani napisha, natoa shikamoo nikitazama chini, naye ananijibu marahaba akitazama pembeni. Nina miaka kumi na moja pale, na ukiniuliza baba ana kovu usoni au hana, sijui. Wala si chuki. Nilipojifungua Hope kwa upasuaji, yeye ndiye aliyechinja mbuzi na kuniletea supu mpaka mlangoni, akaiweka chini, akakohoa ili nijue ipo.

Mnamo tarehe 14/03/2019, siku ya Alhamisi, saa 5:05 asubuhi, alirudi peke yake kwa bodaboda kwa ajili ya leza ya pili. Tabibu alikuwa chumba cha kwanza, mlango umefungwa, aking'oa jino la mama mmoja wa Mutuka lililovunjikia ndani. Aliniambia kwa sauti kutoka huko, "Mgonjwa wa leza ni wako, mimi huku nina saa nzima." Hakujua ni nani aliyekuja. Mimi nilijua, maana nilimwona akishuka kwenye pikipiki. Ningeweza kugonga mlango. Ningeweza kumwambia baba asubiri. Lakini shavu lilikuwa limevimba, alikuwa anatema mate kwenye leso, na mimi nilikuwa nimeshachoka kusikia kuwa kazini hakuna ukwe. Kiburi changu nacho kiandikwe.

Nilimwingiza chumba cha pili, nikatoa shikamoo. Nilivuta pazia katikati yetu. Miwani ya kinga niliiweka kwenye sinia pamoja na kalamu, nikalisukuma sinia upande wake. Nikamwambia, "Baba, vaa hiyo miwani. Gusisha kalamu shavuni panapouma, mimi nitahesabu dakika huku. Ikilia, sogeza mbele kidogo." Akasema, "Sawa, mama." Kwa hiyo mgonjwa alijitibu mwenyewe, na mimi mwenye cheti nilikuwa nyuma ya kitambaa nikitazama saa ya ukutani.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili vilevile. Dakika ya tatu ilipoanza, mashine haikulia. Huwa inafanya hivyo waya ukilegea, kisha inarudi yenyewe. Baba akasema, "Imezima hii." Nikamwambia aminye kitufe tena. Nilipaswa kufungua pazia pale pale. Sikufungua. Nikasikia miwani inawekwa kwenye sinia. Nikasema, "Baba, usivue." Akasema, "Natazama tu kama inawaka." Miwani ile ni ya giza, ukiivaa huoni mwanga wowote wa kalamu, basi akaivua na kutazama ncha ya kalamu kwa jicho la kulia kama mtu anavyotazama tochi iliyogoma. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho tangu zamani, halimsaidii kitu. Mashine ikalia, maana yake ilikuwa inafanya kazi. Akasema, "Eh."

Hakupiga kelele. Nilifungua pazia, nikazima mashine ukutani. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Aliniambia, "Katikati pamekuwa peusi, mama. Usimwambie mtu." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemtazama baba mkwe usoni, na sikutazama kwa heshima, nilitazama kwa hofu. Kisha nikamwitia bodaboda. Katika daftari la wagonjwa, mahali pa aliyehudumia, niliandika jina la Tabibu Aikande. Niliona aibu kuandika langu. Hakuna aliyeniambia niandike hivyo.

Tarehe 17/03/2019, Jumapili, baba alishindwa kusoma somo kanisani, ndipo nyumbani wakajua. Alipelekwa hospitali, wakasema mwanga umeunguza sehemu ya ndani ya jicho. Tarehe 18/03/2019 mume wangu alifungua kesi hapa. Baba aliandikisha kwamba Tabibu Aikande ndiye aliyeshika kalamu na hakumpa miwani. Askari walipokuja kliniki, daftari lilisema hivyohivyo. Tabibu aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu, kazi niliyoizoea.

Jana saa 1:30 asubuhi nilimwambia mume wangu ukweli. Nestory si mtu wa ugomvi, ila alisema, "Baba ameshasema. Ukimuumbua baba yangu mbele ya polisi, usirudi kwangu." Mama mkwe alisema yule tabibu ni mtu wa kuja, atapata pa kwenda. Nikachukua Hope na begi, nikaenda Maisaka.

Afande ameniuliza kwa nini mzee mzima wa kanisa aseme uongo. Nadhani ni kwa ajili yangu. Akisema ni mimi, mkamwana wake anafungwa. Akisema alikuwa chumba kimoja na mkamwana akitibiwa jino, anaona ni kama amevuliwa nguo. Baba amenisitiri, jamani, na roho inaniuma. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki analia mwanamke mwingine, Tabibu Aikande. Ana wazazi wake, ana kazi yake, na kosa lake ni kuniamini.

Tabibu Aikande hakuwepo chumbani. Aliyekuwepo ni mimi. Kama kuna wa kushtakiwa, anwani yangu ipo hapo juu.

Nina ombi moja. Afande akamsomee baba mkwe maelezo haya kwa sauti, yote, asiruke. Mimi siwezi kukaa mbele yake nikamwambia, na yeye sasa hawezi kusoma.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeona hayajaongezwa wala kupunguzwa, naweka sahihi yangu kwa hiari.

Sahihi: J. Remigius
Saa 5:25 asubuhi

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Rashidi nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Alikuwa mtulivu. Aliomba maji mara moja.

Siku hiyohiyo saa 9:20 alasiri nilifika Singe nyumbani kwa Mzee Teodori Bura na kumsomea maelezo yote mbele ya mwanawe Nestory. Mzee aliniomba nirudie sehemu ya supu. Kisha akasema, "Ni kweli. Miwani nilivua mimi." Ameomba kubadili maelezo yake ya awali, nami nimeyaandika upya. Ameweka dole gumba kwa kuwa haoni mstari wa kusaini.

Nilipokuwa natoka alimwambia mwanawe, nami nikiwa nasikia: "Nenda Maisaka kamchukue Mama Hope. Hii dawa ya matone ya jicho ninyi mnanimwagia shavuni tu. Aje anitie yeye, kwa mkono wake."